Keskleri ya moyo wako: kuichagua, kuiakorde na kuipiga, mwongozo kamili toka Goma

Keskleri ni ile ngoma fupi ya bateri (seti ya ngoma za kupigwa na vijiti), yenye nyuzi za chuma chini yake. Karibu kila mwezi kuko kijana ananishika mukono kisha ibada ama kisha repetisioni, ananiuliza, "Yaya, ninunue keskleri gani?" Na mimi namurudishia swali: ile uko nayo sasa, ngozi yake ya chini ulibadilisha lini? Wengi wananyamaza. Kuko ata wale walipiga miaka 5 bila kujua kama ngozi ya chini inabadilishwaka. Nimeeleza hii maneno vipande vipande sana, leo naiweka yote fasi moja, toka siku ya kununua mpaka siku ya kupiga, na naiandika kwa watu wa huku Goma na fasi zinafanana na huku, kwenye magazini ya vyombo vya muziki ni ya kuhesabu kwa vidole, vumbi ya lava inaingia mpaka ndani ya visi (skrubu za kukaza ngozi), na keskleri inasafiri kwa mototaksi kati ya magoti ya mutu. Ndugu zetu wa Nairobi na Kampala wanaiita snea, ni kitu kimoja.

Wapiga bateri wenyewe wanasema nini

Kalisha wapiga bateri wane kwenye meza moja, keskleri itawagawa mbele ya chai kufika.

Muzee mmoja ninayemuheshimu sana, alipiga kwenye orkesta toka miaka ya 1980, yeye anataka chuma na anataka ngozi ikazwe juu kabisa mpaka ilie kama risasi. Anasema keskleri haisikiki mpaka barabarani ni sahani tu. Vijana wanaona ni mambo ya kale lakini muzee iko na historia nyuma yake. Orkesta Zaiko Langa Langa walipoanza Kinshasa mwaka 1969 waliacha tarumbeta na saksofoni za orkesta za zamani, wakaleta gitaa na keskleri mbele, alafu miaka ya 1970 mupiga bateri wao Meridjo Belobi akatupatia cavacha, ile mudundo wa mbio ambayo wenyewe wanasemaka ilitoka kwenye sauti ya treni kule Congo-Brazzaville. Mudundo ya vile hauwezi kuupiga na keskleri ya sauti nzito ya uvivu, mapigo yatashikana yote kama ugali.

Dada mmoja wa kwaya yeye ni mbao tu. Anapigia kanisa ya mabati na kuta za matofali bila plafo (dari), pale keskleri ya chuma ikilia inazunguka mule ndani sekunde nzima na waimbaji wanashindwa kusikia wenzao. Kijana mwingine wa studio anataka ya kina kirefu, ngozi legevu, na juu yake anaweka leso, iseme "paf" na inyamaze. Na mimi ni mutu wa aliminiamu, nitaeleza sababu.

Wote wane wako na haki. Na wote wane wanapiga keskleri ya inchi 14. Ninachowaambiaka vijana ni hiki: jina iliyoandikwa kwenye mwili wa ngoma ni ya mwisho kwenye mustari. Ya kwanza ni ngozi, ya pili ni namna imeakordewa (ngozi kukazwa mpaka sauti ikae sawa), ya tatu ni tembri, zile nyuzi za chuma za chini, ya ine ni mukono wako, njo kunafuata mwili wa ngoma. Siku moja tuliweka keskleri yangu ya kwanza, chuma ya bei ya chini nilinunua dola 50, na ngozi mpya juu na chini, pembeni tukaweka ya rafiki yetu ya jina kubwa lakini na ngozi zilizokwisha, tukaambia waimbaji wageuke wasiangalie. Wote 6 walichagua ya dola 50.

Hatua ya kwanza: jua utaipigia wapi

Usianze na video za Marekani. Anza na fasi. Kama wewe ni mutu wa harusi na konseri za nje kwenye kiwanja, mara nyingi bila mikro juu ya bateri, unahitaji sauti yenye kukata: chuma, aliminiamu ama shaba. Kama ni kanisa ya mabati ama nyumba ya mbao, ya mbao itakusaidia, ama ya chuma lakini ukijua kuituliza. Studio, yoyote, juu pale utapiga polepole na mikro itafanya kazi.

Kama unapiga fasi zote tatu na uko na pesa ya moja tu, kama wengi wetu, soma mbele.

Hatua ya pili: ukubwa na mwili

Upana chukua inchi 14, ni kama sentimeta 35 na nusu. Usinunue ya inchi 12 ama 13 kama ya kwanza, si kwamba ni mbaya, ni kwamba siku ngozi inapasuka Goma nzima utazunguka toka Birere mpaka Virunga na hauipati, lakini ya 14 utaipata. Kina njo kinagawa sauti. Inchi 5 mpaka 5 na nusu inajibu haraka, mukono ukigusa kidogo tu tembri zinaongea. Inchi 6 na nusu iko na tumbo, sauti inakuwa na unene, na bado ukiikaza inapanda. Ile ya kipande, ya inchi 3 mpaka 4, inayoitwa pikolo, inalia kali sana na ni tamu kwenye sebene, ile sehemu ya mbio ya wimbo pale watu wanacheza, lakini ukiwa nayo pekee yake siku wanakuomba wimbo wa polepole utateseka.

Kwa mwili wenyewe: chuma inang'aa na inalia murefu. Aliminiamu inalia lakini inakauka haraka, haina ile mulio ya sufuria. Shaba ni nzito mukononi, na sauti yake iko na nguvu na joto pamoja. Mbao ya mepo ina joto, ya bachi inapiga kavu zaidi, na ile mbao ya bei rahisi iliyofunikwa na plastiki ya rangi usiidharau, inategemea ukingo umekatwa namna gani. Keskleri ya Ludwig Supraphonic, ile ya aliminiamu iliyopakwa kromu, imepigwa kwenye rekodi nyingi sana toka miaka ya 1960, John Bonham wa Led Zeppelin alikuwa na ya kina cha inchi 6 na nusu. Siandiki hii ili uuze ngombe ya baba uitafute. Naandika ujue kama aliminiamu haikuwa chuma ya masikini.

Mimi nachagua aliminiamu ya 5 na nusu ama 6 na nusu juu ya mambo tatu ya huku kwetu: haishiki kutu kama chuma, haivimbi na mvua kama mbao, na ni nyepesi kubeba. Mutu akipanda na keskleri ya shaba toka Kituku mpaka Himbi kwa muguu atanielewa.

Hatua ya tatu: kukagua, hasa ya okazioni (iliyotumiwa)

Hapa usiwe na haraka na usione haya. Muuzaji akikuharakisha, mupatie mukono na uende. Mimi nilishauziwa keskleri nzuri kwa macho, mwili wake ulikuwa umepindika kama yai, nilihangaika nayo miezi minane nikifikiri masikio yangu njo mabaya.

Beba kle ya bateri (ufunguo wa kuzungusha visi), simu yenye tochi, na futi. Omba kutoa ngozi zote mbili. Akikataa, omba kutoa ata ya juu tu. Sasa pima upana ndani ya mwili mara tatu, kila mara ukigeuza futi kidogo. Zikipishana milimita moja, sawa. Zikipishana 3 ama 4, iache, hakuna fundi ataikunjua vizuri.

Tafuta kitu kilicho sawa kabisa, kioo cha meza ama karo la sakafu, laza mwili juu yake, ingiza tochi ndani na inama uangalie pembeni. Mwangaza ukitokea fasi fulani, ukingo haujakaa sawa pale. Kwa ukingo wa chini utaona mwangaza fasi mbili zinaangaliana, pale tembri zinapitia, hiyo usiogope, imekatwa vile kwa makusudi ili tembri zilale vizuri kwenye ngozi. Wengi wanaona ile bonde ndogo wanasema ngoma imeharibika, wengine wanaenda kwa seremala anaipiga randa, na hapo njo wanaiharibu kwa kweli.

Kisha visi. Keskleri ya 14 mara nyingi iko na 8, za hali ya juu ziko na 10, za bei ya chini kabisa 6. Ingiza kila moja kwa vidole, bila kle. Inayokataa ama inayozunguka bure, meno yameisha. Moja tu iliyokufa unaweza kupunguza bei na kutafuta nyingine, lakini mbili zikifatana upande mumoja, kataa. Serkle, zile pete zinazoshika ngozi kwenye mwili, nazo laza kwenye kile kioo, zisicheze.

Mwisho ni kile kifaa cha pembeni cha kufunga na kufungua tembri. Kifunge, kaza, alafu piga ngozi kwa nguvu mara 20. Kama kimejifungua chenyewe ama kamba imelegea, jua hiyo njo itakuaibisha katikati ya wimbo.

Hatua ya ine: ngozi, na hapa weka pesa

Wazee wetu walipiga ngozi ya mbuzi na wanajua, mvua ikinyesha ngoma inalala, unaipeleka kwa moto ikauke njo iongee. Hata bateri za Ulaya na Marekani zilikuwa na ngozi ya ndama yenye shida ile ile, mpaka kwenye mwaka 1956 na 1957 pale watu kama Chick Evans na Remo Belli walianza kuuza ngozi za plastiki. Majina yao njo yale unaona mpaka leo kwenye ngozi, Evans na Remo. Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Kivu na misimu miwili ya mvua, ile plastiki ilitusaidia zaidi kuliko wengi.

Ngozi ya juu: anza na ya tabaka moja, nyeupe, iliyopakwa rangi ya kukwaruza kidogo. Unene wake ni kama robo ya milimita. Remo wanaiita Ambassador, Evans wanaiita G1. Ile rangi si ya mapambo, inapunguza ukali na inafanya fagio za kupigia zisikike. Kama unapiga na nguvu sana na unapasua ngozi kila mwezi, chukua ya tabaka mbili, itakaa, lakini mapigo madogo madogo yatapotea kidogo.

Ngozi ya chini ni kitu kingine kabisa. Ni nyembamba sana, kama milimita 0.075, karibu kama nailoni ya mufuko, na inaonekana wazi. Hairuhusiwi kupigwa na haiwezi kubadilishana na ya juu. Hili kosa nililifanya mwenyewe: nilipata ngozi mbili za juu, nikaweka moja chini nikisema nene itakaa zaidi, na keskleri ikafa. Tembri zilikuwa zinalala juu yake kama mutu amelala kwenye ubao, hazitetemeki. Miezi mingi nilikuwa nakaza juu nikilegeza juu, kumbe mugonjwa alikuwa chini. Ukinunua ngozi Birere ama ukimutuma mutu Kigali ama Kampala, mwambie wazi "ya chini ya keskleri, inchi 14", na ukiipokea ishike kwenye mwangaza, uone kidole chako upande wa pili.

Ya juu badilisha ikianza kuwa na shimo katikati kama sahani ama rangi ikiisha. Ya chini, kama unapiga kila wiki, mwaka mumoja ama mwaka na nusu inatosha, ata kama haijapasuka. Plastiki inachoka na inavutika.

Hatua ya tano: kuakorde, polepole

Fanya hii nyumbani mchana, si dakika 10 mbele ya ibada.

Toa kila kitu. Panguza ukingo na kitambaa kikavu, vumbi yetu nyeusi ni mawe iliyosagwa, inakata plastiki. Panguza visi moja moja, weka tone dogo la mafuta ya mashine ama vaselini kwenye meno.

Anza na CHINI. Weka ngozi, weka serkle, hakikisha ile fasi ya wazi ya serkle inaangaliana na bonde za tembri. Kaza visi zote kwa vidole mpaka zikatae. Sasa chukua kle na fanya muviringo wa nyota: ukigusa visi moja, inayofuata ni ile inayoiangalia upande wa pili, si jirani yake. Kila moja robo ya muzunguko tu. Ukimaliza zote, rudia. Na rudia. Ngozi ya chini inatakiwa kuwa ya juu kwa sauti, ukibonyeza katikati na kidole gumba iende chini kidogo tu. Ikianza kulia kama mezani, imezidi, simama.

Sasa kazi ya masikio. Weka kidole katikati ya ngozi bila kubonyeza, na ncha ya kijiti gonga sentimeta 3 mbele ya kila visi. Sikiliza. Visi moja itasema chini kuliko zingine, ipandishe kidogo sana, kisha angalia mwenzake wa upande wa pili maana naye atakuwa amebadilika. Hii kazi inaweza kuchukua dakika 20 siku ya kwanza. Usikate tamaa, mutu wa gitaa anaakorde nyuzi 6 na wewe uko na visi 8 mara mbili.

Geuza, fanya ya juu vile vile. Ikifika kwenye kukazika kwa wastani, bonyeza katikati na kiganja mara tatu bila jeuri ili ngozi ikae kwenye ukingo, utasikia mulio kama ya kukunjua plastiki, ni kawaida, alafu akorde tena. Kwa kawaida yangu ya juu naiacha chini ya ile ya chini kwa sauti. Ukitaka sauti ya muzee wa orkesta, endelea kupandisha robo kwa robo mpaka sauti ipasuke hewani. Ukitaka ya kijana wa studio, shuka. Lakini kuko mupaka pande zote mbili: ukikaza sana ngozi inanyongeka na keskleri inakuwa ndogo, haina sauti ya mwili, na ukilegeza sana kijiti hakirudi, mukono unachoka mbele ya nyimbo 3.

Njia nzuri ya kupata fasi yake ni kuanza legevu kabisa, piga mara moja katikati, panda robo zote, piga tena, panda, piga tena. Kuko fasi moja ama mbili pale ngoma yenyewe inafunguka, sauti inakuwa pana ghafla. Kila mwili iko na yake. Ukiipata, kaa pale.

Hatua ya sita: tembri

Tembri ni zile nyuzi za chuma zilizojikunja, mara nyingi 20, na kazi yao ni kugusa ngozi ya chini, si kuikaba. Ziweke katikati kabisa, umbali ule ule toka kila ukingo, kamba mbili za pande zivutwe sawa. Ukiona upande mumoja uko juu na mwingine chini, fungua uanze upya, hakuna dawa nyingine.

Funga kile kifaa, legeza kabisa, alafu gonga polepole sana pembeni ya ngozi ya juu huku unakaza kidogo kidogo. Mwanzo itasema "shaaa" kama muchanga. Kaza mpaka "shaaa" ikatike iwe "tsh" fupi. Hapo simama. Kosa kubwa ninaloona Goma nzima, kanisa kwa kanisa, ni watu kukaza tembri mpaka mwisho wakifikiri wanapata ukali. Wanapata ukimya. Nyuzi zikikabwa hazitetemeki na mapigo madogo hayasikiki kabisa. Uzi mumoja ukivutika na unaning'inia, ukate na pensi kule mwanzo wake, zilizobaki zitaendelea vizuri.

Keskleri ikiugua

Inalia pekee yake kila gitaa besi inapopiga: kila keskleri inafanya hivyo kidogo, usitafute kuimaliza kabisa. Mara nyingi ni tomu (ngoma nyingine ya bateri) ya kwanza iko kwenye sauti moja na keskleri, ibadilishe tomu kidogo juu ama chini. Ikikataa, legeza robo tu zile visi 4 za chini zilizo kando ya tembri.

Inalia murefu sana, "poooong": mbele ya kuweka leso, sikiliza tena visi, mara nyingi ni moja imelegea. Kisha kama bado, chukua ngozi ya zamani ya inchi 14 iliyopasuka, kata na makasi pete ya upana wa sentimeta 2 toka kando kando yake, ilaze juu ya ngozi yako. Ni bure na inafanya kazi nzuri kuliko vitu vingi vya dukani. Kwa ile kanisa ya mabati tunatumia hiyo. Kipande cha skochi kilichokunjwa karibu na ukingo nacho kinasaidia.

Visi inajifungua pale unapopiga serkle: zungushia meno yake ule utepe mweupe wa mafundi wa mabomba, mara moja tu, urudishe.

Hatua ya saba: kuipiga

Urefu kwanza. Kaa, weka mikono kama unataka kula mezani, ngozi iwe chini kidogo ya kitovu, serkle ipite juu ya mapaja kwa sentimeta chache. Ikiwa chini sana utapiga mapaja, ikiwa juu mabega yatapanda na utachoka. Vijiti anza na 5A, unene wake ni milimita 14 na kidogo, ndio vinapatikana zaidi. Usishike kama nyundo. Kidole gumba na cha shahada njo vinashika, vingine vinasindikiza, na kijiti kikigonga ukiache kirudi chenyewe.

Pigo la nguvu: ncha katikati ya ngozi na shingo ya kijiti kwenye serkle, vyote kwa wakati mumoja. Hiyo njo ile "kra!" unasikia kwenye konseri. Inahitaji pembe ya mukono isiyobadilika, ndiyo maana ukibadilisha urefu wa kiti kila siku hautaipata. Anza polepole, mapigo 60 kwa dakika kwenye metronome ya simu, mukono wa kushoto tu, dakika 5, na usikubali pigo ata moja la uongo. Na weka vizibo vya kweli masikioni, pamba haitoshi, juu hiyo sauti inapita desibeli 100 na sikio halirudi.

Pigo la ubao: hili njo la rumba. Geuza kijiti, ncha ishikwe na kiganja na ilale kwenye ngozi, ule upande munene ugonge serkle. Songeza kijiti mbele na nyuma sentimeta moja moja, utapata fasi pale sauti inageuka toka "tik" nyembamba mpaka "tok" ya ubao. Weka alama ndogo ya kalamu kwenye kijiti. Kisha hesabu 1 mpaka 16 na gonga kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Hiyo ni klave, mufupa wa rumba. Ukiishika sawa sawa wakati muimbaji anaimba pole, gitaa zote zitakuegemea, na kisha sebene ikifunguka unageuza kijiti na kuingia kwenye ngozi, ile mabadiliko yenyewe njo watu wanasimama kucheza. Repetisheni ya kugeuza kijiti bila kupoteza hesabu, fanya hiyo mara 50 kwa siku. Ni kitu kidogo na karibu hakuna anayekifanyia mazoezi.

Mapigo ya siri: yale madogo kati ya makubwa, kijiti kinapanda sentimeta 2 ama 3 tu toka kwenye ngozi. Ukitaka kusikia mutu aliyejua hii, sikiliza Tony Allen wa Nigeria kwenye bateri ya Fela Kuti, keskleri yake inaongea kama mutu anaongea na jirani. Tofauti ya urefu njo siri: kubwa inatoka juu sentimeta 30, ndogo inatoka 3, na usichanganye. Na ili jirani zako kwenye nyumba za mbao wasikuchukie, laza taulo juu ya ngozi upige, mikono inajifunza vile vile.

Kama kuko sono (vyombo vya kukuza sauti) na mikro moja ya keskleri, iweke juu ya serkle vidole viwili ama vitatu, iangalie katikati, na mwambie fundi asikilize akiwa kwenye viti vya watu. Shure SM57 njo inatumika duniani pote kwa hii kazi toka miaka ya 1960, ukiiona kwenye sanduku la sono iombe kwa heshima.

Kisha kazi

Panguza serkle na visi, jasho ni chumvi. Mufuko kama hauna, gunia safi ndani na plastiki nje, na usiweke keskleri tumbo chini kwenye changarawe ya lava, jiwe moja dogo linatosha kupasua ile ngozi nyembamba. Mimi tembri zangu za kwanza zilikula kutu juu ya mvua moja tu kati ya Ndosho na Katindo.

Na siku umeipata ile sauti, mbele ya kufanya kitu kingine chochote, chukua simu urekodi: gonga mbele ya kila visi ya chini, kisha ya juu, kisha piga mara 4 katikati na tembri zikifungwa, mara 4 zikifunguliwa. Haipiti nusu dakika. Andika tarehe na ngozi ni gani. Mimi ninayo ya keskleri yangu niliyoifanya kisha harusi moja kule Himbi, na kila nikibadilisha ngozi naweka simu sikio la kushoto, kle mukono wa kuume, na narudi pale pale robo kwa robo.